Kimo na Kasi Kabla ya Kupinduka: Kwa Marubani Wanaoanza

Ninyi mnaoanza mafunzo ya urubani mtasimuliwa mara nyingi ajali ya tarehe 2 Juni 2016 huko Smyrna, jimbo la Tennessee, Marekani, ambako Kapteni Jeff Kuss wa Blue Angels, kikosi cha maonyesho ya ndege cha Jeshi la Majini la Marekani, alifariki dunia akijiandaa kwa maonyesho ya wikendi hiyo. Hakuwa mgeni wa kazi, maana alikwisha kurusha ndege za kivita Afghanistan, na alijiunga na kikosi hicho mwaka 2014. Msiisome, basi, kama habari ya mtu asiyejua.

Mchezo wa angani aliokuwa akiufanya ni wa kupanda wima, kuibinua ndege ya kivita ya F/A-18 tumbo juu, kisha kuivuta ishuke kwa nusu duara na kunyooka karibu na ardhi. Kileleni zilitakiwa futi 3,500 na kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) 125 hadi 135. Uchunguzi ulibaini kwamba alianza kushuka akiwa kwenye futi 3,200 hivi, kwa noti 184, huku moto wa ziada wa injini haujazimwa. Wengi hutaja zile futi 300 zilizopungua, ila mimi hutazama kasi kwanza, kwa sababu duara la kushukia hutanuka kwa mraba wa kasi: kutoka noti 135 hadi 184, rubani akivuta kwa nguvu ileile, duara hukaribia kuwa kubwa mara mbili, na nafasi ya kulimaliza haikuwepo.

Uchovu na mawingu vilitajwa pia. Kinachonishughulisha zaidi ni mambo aliyoyaacha bila kuyafanya kabla ya hapo: hakutia saini fomu ya kuipokea ndege, wala hakuwasha transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloangusha ndege, lakini yakifuatana kwa rubani anayejulikana kwa umakini, aliyeko chini ana haki ya kumzuia asipae.

Andikeni kimo na kasi ya kila mchezo kwenye karatasi ya gotini na mvisome kwa sauti mfikapo kileleni. Kimoja kisipotimia, msivute kushuka, bali isawazisheni ndege mwendelee na safari. Kuacha huko nako kufanyiwe mazoezi, juu sana, mwalimu akiwa kiti cha nyuma na akiwavurugia kasi makusudi bila kuwaambia.