Anzeni na sura ya kodi: kwa mnaoanza kusoma vitabu vya malezi ya watawala

Mtakapofika kwa wahumanisti wa Renesansi, wale wanazuoni wa Ulaya waliorudi kwenye maandiko ya kale ya Wagiriki na Warumi, mtachoka upesi. Mtawala awe mwadilifu, aogope wapambe, apende amani... Mimi nilichoka. Insha yangu ya kwanza juu ya Erasmus, mhumanisti wa Uholanzi, na kitabu chake Malezi ya Mtawala Mkristo, ilikuwa mahubiri matupu: huyu mwema, Machiavelli, yule Mwitalia aliyewaruhusu watawala kutumia hila na nguvu, mbaya. Mwalimu wangu aliandika pembeni maneno mawili tu: "Kodi je?" Sura hiyo nilikuwa nimeiruka.

Basi ninyi anzeni nayo. Ni ya nne. Kitabu kilitoka mwaka 1516, kikimlenga Charles, kijana wa miaka 16 aliyekuwa ndio kwanza amerithi Hispania, na Erasmus alikuwa mmoja wa washauri wake. Anamwambia apunguze kwanza anasa za ikulu kabla ya kuwagusa raia. Ikibidi kutoza, aache nafaka, mkate, bia na nguo, maana maskini hana namna ya kuviepuka. Atoze hariri, viungo na vito, ili mzigo uwaelemee wenye nacho. Kumwambia mfalme hivyo kunataka moyo!

Jiulizeni pia kwa nini elimu inabebeshwa mzigo mkubwa hivyo. Kiti kilikuwa cha kurithi. Erasmus mwenyewe anasema: pale ambapo watu hawawezi kumchagua mtawala, basi achaguliwe kwa uangalifu mwalimu wake. Raia hakuwa na kura, kwa hiyo kinga dhidi ya dhuluma ilitafutwa utotoni mwa mtoto wa mfalme.

Wazo hilo lilikuwa limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1423 mwalimu mhumanisti Vittorino da Feltre aliitwa Mantova, mji wa Italia, kuwafundisha watoto wa ukoo wa Gonzaga uliotawala hapo, naye akawaketisha pamoja na watoto wa maskini aliowasomesha bila ada. Napenda sana habari hii, na huwa naianza nayo mihadhara yangu. Federico da Montefeltro, aliyekuja kuutawala mji wa Urbino, Italia, alipita shuleni hapo.

Sura ya mwisho ya Erasmus ni ya vita. Msiisome peke yake. Wekeni kando yake Mei 1527, pale askari wa Charles huyo huyo, waliokosa mishahara, walipoingia Roma na kuipora. Erasmus alikuwa bado hai.