Boya la stilihedi lisikazwe mahali pamoja

Ndugu, unapovua stilihedi, yaani trauti anayekwenda baharini na kurudi mtoni kuzaliana, usilikaze boya mita moja na nusu juu ya ndoana na kuliacha hapo, kama ulivyoandika kwamba utafanya Jumamosi katika Mto Clackamas kule Oregon, kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi, na majira yote ya baridi nikawa naosha chambo. Aliyeniuzia vifaa, ambaye sasa naamini hajawahi kulowesha viatu vyake, alinihakikishia kwamba stilihedi ni trauti tu na trauti hupanda kufuata chakula. Hupanda, lakini si katika maji ya baridi kali: wakati huo hutulia chini karibu na mawe, na chambo kinachopita mbali juu yake hakihangaikii. Mzee mmoja aliyesimama jirani yangu alikuwa akiwatoa katika maji yale yale, nami nikajifariji kwamba samaki wa Oregon wanabagua lafudhi.

Tumia boya linaloteleza. Funga fundo dogo la uzi juu ya mshipi mkuu, chini yake utie ushanga, boya, ushanga mwingine na chubwi, kisha umalizie kwa mshipi mwembamba wa sentimita 50 hivi wenye ndoana. Fundo hilo hupita katika matundu ya fimbo hadi ndani ya rili, ndiyo maana unaweza kurusha vizuri hata pale penye kina cha mita tatu. Boya hugota kwenye fundo, kwa hiyo fundo ndilo linaloamua kina cha chambo. Sasa lisogeze! Lipandishe mpaka boya lianze kusitasita na kichwa chake kiinamie upande maji yanakokwenda, maana hapo chubwi linaburuta mawe. Kisha punguza kina kwa sentimita 30 hivi. Ukihama hatua chache, pima upya, na mvua ikinyesha usiku mto ukajaa, usiiamini alama ya jana.

Mshipi mwembamba uwe dhaifu kuliko ule mkuu, ili ukinasa upoteze ndoana peke yake. Muuzaji yule yule alinipa wenye nguvu sawa, na sishangai, kwa kuwa maboya pia anauza yeye.

Rangi uliyoiuliza, chagua yoyote unayoiona kwa mbali. Uzito ndio wa kuangalia: boya la gramu 14 lipewe chubwi linalokaribia uzito huo, hadi kibaki kichwa tu juu ya maji, likielea zaidi ya hapo, samaki atahisi mvuto wake na kutema kabla hujainua fimbo.