Machweo ya jangwani yanapogeuka kijivu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninachora kwa pasteli laini, na sasa ninajaribu mandhari ya jangwa la Namib wakati wa machweo, nikitazama picha za kalenda. Kila ninapoisugua kwa kidole rangi ya machungwa ili iungane na buluu ya anga, pale zinapokutana hutokea kijivu kilichochafuka. Matuta ya mchanga nayo yanaonekana bapa kama ukuta uliopakwa chokaa. Je, pasteli zangu ni mbovu?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Pasteli zako hazina kosa, acha kusugua. Pasteli laini ni unga wa rangi ulioshikizwa kwa gundi kidogo mno, kwa hiyo kidole kikipita juu yake chembe za rangi mbili huchanganyika papo hapo, na buluu ikichanganyika na machungwa kila moja huififisha nyenzake. Angani rangi hizo mbili kwa kawaida hazipakani. Jua linapozama, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi, buluu hutawanywa njiani, na nyekundu na machungwa hubaki karibu na upeo wa macho. Juu yake hufuata manjano iliyopauka, mara nyingine waridi, ndipo buluu ianze. Weka ukanda huo wa kati, uwe mwepesi kiasi cha kukaribia weupe, ukilaza kijiti cha pasteli ubavu na kukipitisha bila kukandamiza, na ukifute kwa kitambaa kila unapobadilisha rangi.

Kuhusu mchanga, matuta ya Namib ni mekundu kwa sababu chembe zake zimefunikwa na kutu ya madini ya chuma, lakini wekundu huo huonekana vizuri upande unaopigwa na jua tu. Upande wa pili hupata mwanga wa anga peke yake, nao huelekea zambarau na buluu. Tandaza kwanza zambarau iliyokolea kwenye kivuli, kisha pitisha juu yake michirizi michache ya kahawia nyekundu, zambarau ikiendelea kuchungulia katikati. Rangi nyeusi iweke kando kabisa. Ukingo wa tuta, pale mwanga na kivuli vinapogawana, ndipo mahali pekee ninapokuruhusu kukandamiza, kwa ncha kali ya kijiti kilichovunjika. Matuta ya mbali yapauke na kingo zake zilegee.

Karatasi ya manila ni laini mno, hushika tabaka moja au mawili kisha unga huanza kuteleza. Kwa mazoezi, msasa wa chembe ndogo kutoka duka la vifaa vya ujenzi unafaa sana kuchorea juu yake. Vumbi la rangi usilipulize kwa mdomo, kwa maana utalivuta mapafuni. Simamisha ubao unaochorea na uugonge kwa nyuma. Dawa ya kupulizia ya kushikiza rangi hufanya rangi hafifu zififie na kukolea giza, kwa hiyo katika anga ya machweo mimi singeitumia: weka picha nyuma ya kioo, ukiacha nafasi ndogo ili kioo kisiguse unga.