Mpira wa pili: 5/8 au 4/7?

Swali: Mfuko una mipira 5 myekundu na 3 myeupe, yote ikiwa na ukubwa na uzito sawa. Inatolewa miwili, mmoja baada ya mwingine, bila kurudishwa. Tuliulizwa uwezekano wa mpira wa pili kuwa mwekundu. Niliandika 4/7 kwa kuwa mmoja ulikuwa umeshatoka, lakini mwalimu akasahihisha kuwa ni 5/8, sawa kabisa na ule wa mpira wa kwanza. Ikiwa uwezekano haukubadilika, je, matukio haya si huru? Na katika mtihani nitayatambuaje matukio huru?

Jibu: Mwalimu wako amesahihisha ipasavyo, nawe umejibu vizuri swali ambalo hukuulizwa. Sehemu ya 4/7 ni uwezekano wa mpira wa pili kuwa mwekundu pale tu unapojua kwamba wa kwanza ulikuwa mwekundu. Ungejua kwamba wa kwanza ulikuwa mweupe, jibu lingekuwa 5/7. Usipojua lolote kuhusu wa kwanza, unalazimika kuzihesabu njia zote mbili: nyekundu kisha nyekundu ni 5/8 × 4/7, yaani 20/56, na nyeupe kisha nyekundu ni 3/8 × 5/7, yaani 15/56. Jumla ni 35/56, ambayo ikirahisishwa huwa 5/8. Anayetilia shaka hesabu hiyo na aipange mipira yote minane katika mstari bila kuitazama. Hakuna sababu yoyote ya nafasi ya pili kuupata mpira mwekundu kwa urahisi zaidi, au kwa shida zaidi, kuliko nafasi ya kwanza au ya nane.

Hata hivyo, matukio haya ni tegemezi. Kosa lako, ambalo nimelikuta hata kwa wanafunzi hodari, ni kuulinganisha uwezekano wa tukio la pili na ule wa tukio la kwanza. Kinachopaswa kulinganishwa ni uwezekano wa tukio lilelile la pili kabla na baada ya kupata habari za la kwanza. Hapa ulikuwa 5/8, na habari ikaushusha hadi 4/7. Utegemezi huo haufuati saa wala mfuatano wa kutoa, kwa maana ukiuficha mpira wa kwanza mkononi na kuutazama wa pili ukauona ni mwekundu, uwezekano wa ule uliofichwa kuwa mwekundu nao hushuka hadi 4/7, ingawa ulitoka mapema.

Maneno "bila kurudisha" katika swali la mtihani kwa kawaida ndiyo ishara ya utegemezi. Kwa mfuko wako, uwezekano wa kupata miwili myekundu ni 5/14, karibu 0.357; kama mpira wa kwanza ungerudishwa na mfuko kuchanganywa upya, ungekuwa 25/64, karibu 0.391, na hiyo ni tofauti ya kukupotezea alama. Lakini mfuko ukiwa na myekundu 5,000 na myeupe 3,000, majibu hayo mawili hutofautiana kwa takriban 0.00003 tu, na ndiyo maana wanaochukua sampuli ndogo kutoka kundi kubwa hulihesabu kila chaguo kana kwamba ni huru.

Kipimo kisichodanganya ni cha kuzidisha. Matukio A na B ni huru iwapo uwezekano wa yote mawili kutokea ni sawa na uwezekano wa A mara uwezekano wa B. Mwanahisabati Mrusi Andrey Kolmogorov alipoiwekea nadharia ya uwezekano misingi yake ya kihisabati mwaka 1933, uhuru aliufafanua kwa kuzidisha huku. Kwa kipimo hicho utaona pia kwamba matukio yasiyoweza kutokea pamoja, kama kupata 2 na kupata 5 katika mrusho mmoja wa dadu, si huru hata kidogo: uwezekano wa yote mawili ni sifuri, ilhali 1/6 × 1/6 ni 1/36. Wengi huyachanganya mambo hayo mawili kwa sababu tu yote yanasikika kama "kutohusiana".

Macho peke yake hayatoshi kuutambua uhuru, na karata zinalionyesha hilo vizuri. Chukua karata moja kutoka seti kamili ya 52. Tukio la kwanza ni kupata ree, uwezekano 4/52; la pili ni kupata kopa, uwezekano 13/52. Yote yamo katika karata ileile moja, na mtu angeapa kwamba yanategemeana. Zidisha: 1/13 × 1/4 ni 1/52, nao ndio hasa uwezekano wa kupata ree ya kopa. Ni matukio huru. Sasa itoe mbili ya pau, ambayo si ree wala kopa, na uhesabu tena kwa karata 51. Zao la 4/51 na 13/51 ni 52/2601, ilhali uwezekano wa ree ya kopa ni 1/51, yaani 51/2601. Karata moja isiyohusika imeondoka, na uhuru umeondoka nayo.