Re: Uingereza kujiondoa Ulaya inatuhusu nini sisi wa Naivasha?

Ndugu, umeuliza kama Uingereza kujiondoa Umoja wa Ulaya kuliwagusa wenye mashamba ya maua huku Naivasha. Kuliwagusa. Ilitoka 31 Januari 2020, ila sheria za zamani ziliendelea hadi mwisho wa Desemba. Baada ya hapo waridi letu lingetozwa ushuru wa asilimia 8, ndiyo maana Kenya ikatia saini mkataba wake wa biashara na Uingereza tarehe 8 Desemba, dakika za majeruhi kama kawaida yetu! Ushuru ukaepukwa, makaratasi yakazidi: boksi linalopitia mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, kabla ya kufika London sasa linakutana na forodha mara mbili. Na waridi halingoji mhuri. Likicheleweshwa, shingo inalegea.