Ladha yangu ya filamu ilitoka kwa bibi na mjomba

Mkuu, umesema mlibishana na marafiki zako mpaka usiku: mmoja hatazami picha isiyo na ngumi, mwingine anataka za mapenzi tu, na wa tatu anadai kila mtu hujichagulia mwenyewe cha kupenda, familia haihusiki. Huyo wa tatu simuungi mkono hata kidogo.

Bibi yangu mzaa mama alikulia Unguja mjini na alipenda sinema tangu usichana. Enzi zao kulikuwa na maonyesho ya zanana, ya wanawake peke yao, kwa hiyo binti aliyetunzwa aliweza kwenda ukumbi wa sinema wa Majestic na shoga zake bila watu kumsema. Kihindi hakukijua, lakini hadithi aliishika yote na nyimbo alikuwa akiziimba jikoni.

Alipokuja kukaa nasi Magomeni, Bara hakukuwa na kituo cha televisheni, vilianza 1994. Sisi tulikuwa na deki na kanda za kukodi. Bibi akikaa mkekani, hakuna aliyegusa rimoti. Na hakutufasiria maneno, alitufasiria watu. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Huyu na mama yake wakoje?" Staringi aliyemdharau mama yake hakumhesabu kuwa staringi, hata apige watu kumi.

Picha aliyoiweka juu ya zote ni Mother India ya 1957, ambayo Nargis ni mama anayelea wanawe katika deni na njaa, kisha anampiga risasi mwanawe mwenyewe kwa sababu ameteka binti wa watu. Sisi wajukuu tulilia na kumlaumu yule mama. Bibi alisimamisha kanda akatueleza kwamba heshima ya binti wa jirani ni amana ya kijiji kizima, na mama anayeiachia kwa kumpenda mwanawe hana kijiji tena. Tulipokuja kuona Deewaar ya 1975, ambapo mama anaihama nyumba ya mwana aliyetajirika kwa magendo na kwenda kukaa na yule aliye polisi, hatukuhitaji maelezo.

Mjomba yeye alikuwa mtu wa vibanda vya video. Alinichukua kwenda kuangalia picha za Wachina na za Wamarekani zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na Lufufu, yule msimuliaji wa picha za video, na wale mliokulia Dar mnajua raha yake. Lufufu hakutafsiri tu, aliongeza chumvi, akakueleza jambazi anawaza nini na mji ule ukoje. Kwake nilijifunza kupenda sauti ya msimuliaji, na mpaka leo filamu isiyo na mtu wa kunishika mkono hunichosha mapema.

Rafiki yangu mmoja wa Nakuru amelelewa na kaka zake kwa kanda za DJ Afro, msimuliaji wa filamu wa Kenya. Tukikaa pamoja yeye anacheka pale ninaponyamaza, maana kwao picha ilikuwa ya kelele na utani, kwetu ilikuwa ya kuhukumiana tabia. Filamu ni moja, ila kila mmoja anaangalia na watu wa kwao.

Ladha inapanuka, sikatai. Mimi ilinipanua ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar lililoanza miaka ya 1990. Pale Ngome Kongwe niliona filamu za Kiafrika zilizo polepole, zisizo na staringi wala adui wa kueleweka, na nikazipenda. Lakini hata pale, kabla sijajua picha inahusu nini, nilikuwa nimeshaanza kumtafuta mama.

Kwa hiyo mkuu, mkikutana tena acheni kubishana ipi kali. Kila mmoja alete ile iliyokuwa ikirudiwa kwao na aseme nani alikuwa akiichagua. Huyo anayetaka ngumi tu, ningependa sana kujua alikuwa akikaa na nani.