Wazee wa kituoni waigize maisha yao?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi najitolea kwenye makazi ya wazee, wengi hawana pa kwenda, kuna ambao nyumba iliuzwa na watoto, kuna walioitwa wachawi wakakimbia kijiji. Tunataka tufanye nao igizo siku ya wazee, Oktoba 1, ila wenzangu wanasema tutawatonesha vidonda. Tuache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msiache, ila msianze na "ilikuwaje ukafika hapa", hilo kashaulizwa na afisa ustawi, kaulizwa na wageni wanaoleta sabuni na kupiga picha, kachoka nalo. Niliwahi kukaa na bibi mmoja kituoni, pindo la kanga kafungia ufunguo wa nyumba iliyouzwa zamani, kila asubuhi anafungua fundo anauangalia anafunga tena. Nikamwomba anioneshe tu alivyokuwa anafungua mlango wake. Akasimama pale koridoni, akazungusha ufunguo hewani, akainama maana mlango ulikuwa mfupi, akaingia akaanza kufukuza kuku jikoni, yani nyumba nzima niliiona na sikuwa nimemuuliza kitu.

Anzieni hapo. Halafu kuna mtindo wa Mbrazili Augusto Boal, igizo fupi linaishia pabaya, linarudiwa, mtazamaji akiona pa kufanya tofauti anasema simama, anapanda mwenyewe kujaribu. Kule London kikundi cha Cardboard Citizens, kilichoanza 1991, kinautumia na watu wasio na makazi. Na Boal alipokuwa diwani Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, maigizo hayo yalizaa mpaka sheria, mojawapo ikitaka hospitali za jiji ziwe na madaktari wa magonjwa ya wazee. Kwa hiyo mtendaji wa kata asije kukaa tu kiti cha mbele, apandishwe naye ajaribu kumzuia yule mtoto anayeuza nyumba.

Kisa cha mzee kisiigizwe bila yeye kuridhia, majina badilisheni. Asiyeweza kusimama muda mrefu akae kwenye kiti awe ndo dairekta, akisema "hapana, hakunifokea, alinitoa kwa upole kabisa", badilisheni hapo hapo. Aliyeitwa mchawi asipotaka kusema msimsukume, apige ngoma kama anapenda.

Na usiku wa siku hiyo wawili watatu mlale hukohuko kituoni, wageni wakishaondoka kuna watakaotaka kuongea.